Jimmy Carter 1980: nani hasa alimwangusha? Mateka wa Tehran, bei za vitu, au Wademokrati wenzake?

#1 Msoma Kumbukumbu
Wanabodi, salaam.

Kila rais wa Marekani ana tukio moja ambalo ukitaja jina lake linakuja lenyewe. Hoover ni mdororo wa 1929. Johnson ni Vietnam, japo ndiye aliyesaini Sheria ya Haki za Kiraia 1964 na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura 1965. Nixon ni kashfa ya Watergate, japo alikwenda Beijing 1972. Carter ni mateka wa Tehran, basi.

Kwa Carter naona watu wanamwonea. Amekaa Ikulu miaka minne tu, Januari 1977 hadi Januari 1981. Ndani ya miaka hiyo alijifungia na Rais Sadat wa Misri na Waziri Mkuu Begin wa Israel pale Camp David siku 13, Septemba 1978, wakatoka na makubaliano, na mkataba wa amani wa Misri na Israel uliofuata Machi 1979 upo mpaka leo. Mikataba ya kuirudishia Panama mfereji wake ilipita Seneti kwa kura 68 kwa 32, na zilikuwa zinatakiwa 67. Akafungua uhusiano kamili wa kibalozi na China Januari 1979. Halafu Novemba 1980 Reagan wa Republican anamchapa kura za wajumbe 489 kwa 49!

Msimamo wangu: waliomwangusha ni mateka, hakuna kingine. Ubalozi wa Marekani Tehran ulivamiwa 4 Novemba 1979, waliomo wakashikwa mateka. Uchaguzi ukaangukia 4 Novemba 1980, mwaka mmoja kamili. Cronkite, mtangazaji wa televisheni ya CBS, alikuwa anafunga taarifa ya habari kwa kutaja siku ya ngapi mateka wako mikononi mwa Wairani. Mtu anasikia hivyo kila jioni, miezi na miezi, halafu aende akupe kura?

Shusheni nondo.

#2 Hesabu Kali
Uzi mzuri, msimamo naupinga. Mfumuko wa bei Marekani mwaka 1980 ulikuwa wastani wa asilimia 13.5. Riba ambayo benki zilikuwa zinawatoza wateja wao wazuri kabisa ilivuka asilimia 20. Wasio na kazi walikuwa zaidi ya asilimia 7. Mtu anayetaka kukopa ajenge nyumba alikuwa anarudi nyumbani na karatasi zake mkononi.

Kwenye mdahalo wa Cleveland, 28 Oktoba, wiki moja kabla ya kura, maneno ya mwisho ya Reagan yalikuwa swali kwa wananchi: je, hali yako leo ni nzuri kuliko ilivyokuwa miaka minne iliyopita? Hilo ni swali la tumbo. Tehran haimo humo.

#3 Kijana wa Mchangani
Naweka kambi hapa. Ila mnisaidie jambo moja, mateka walikuwa wangapi? Naona 66, kwingine naona 52.

#4 Bint Kisauni
@Kijana wa Mchangani zote ni sahihi, inategemea ni lini. Walioshikwa mwanzo ni 66. Wiki chache baadaye Khomeini, kiongozi wa Iran, akaamuru wanawake na Wamarekani weusi waachiwe, wakatoka 13. Julai 1980 mmoja akaachiwa kwa sababu ya ugonjwa. Wakabaki 52, na hao ndio waliokaa siku 444.

Kuna wengine sita ambao hawamo kwenye hesabu hiyo. Walitoroka siku ya uvamizi, wakafichwa na wanadiplomasia wa Kanada, na Januari 1980 wakatolewa nchini kwa pasipoti za Kanada.

#5 Ngosha wa Ziwani
Mleta mada, kuna kitu umekiruka. Mateka walipochukuliwa Carter alipanda, hakushuka. Kabla ya Novemba 1979 waliomkubali kwenye kura za maoni walikuwa kama theluthi tu ya Wamarekani. Mwezi mmoja baadaye wakavuka nusu. Watu walimzunguka rais wao kama taifa lolote linavyofanya likichokozwa. Seneta Ted Kennedy ndiyo kwanza anaingia ulingoni kumpinga ndani ya chama, akakuta upepo umegeuka.

Kwa hiyo mateka walimwokoa kwanza. Sasa wewe tueleze kilichogeuka ni nini.

#6 Babu Chamazi
Vijana, heshima kwenu. Mnazungumza mambo ya huko kana kwamba hayakutufikia. Mafuta yale yaliyopanda baada ya Shah, mfalme wa Iran, kuondoka nchini Januari 1979 yalitubana na sisi. Nilikuwa kijana karakana moja pale Gerezani. Ilifika mahali magari ya watu binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Ukikutwa barabarani unasimamishwa. Harusi za Jumapili zilikuwa zinaisha mapema, wenye magari wanakimbilia nyumbani.

Na Carter huyo huyo ndiye aliyemtuma Muhammad Ali hapa Dar, Februari 1980, aje amshawishi Mwalimu tususie Olimpiki ya Moscow kwa sababu Wasovieti wameingia Afghanistan. Watu walimpenda Ali, nani asiyempenda? Lakini Mwalimu hakukubali kumwona. Huwezi kumtumia rais wa nchi mwanamasumbwi aje kumweleza sera. Na waandishi wa habari wakamuuliza Ali swali zito: 1976 Afrika iligomea Montreal kwa sababu New Zealand ilikwenda kucheza raga na makaburu, mbona Marekani haikutuunga mkono? Hakuwa na jibu, maskini. Waliomtuma hawakumwandaa.

#7 Kipanga wa Eldoret
@Babu Chamazi shikamoo mzee. Alitoka kwenu akaja Nairobi, na huku Moi alikuwa ameshakubali kususia. Walioumia ni wakimbiaji wetu. Henry Rono, mwaka 1978, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 10,000, 5,000, 3,000 kuruka viunzi na maji, na 3,000. Mtu wa namna hiyo hakukimbia Olimpiki hata moja. Ya 1976 tuligoma, ya 1980 tukagoma tena. Mimi nikisikia jina la Carter, hayo mateka huwa nayakumbuka baadaye sana.

#8 Babu Chamazi
Marahaba mjukuu wangu. Sisi tulikwenda Moscow, tukarudi na medali mbili za fedha. Filbert Bayi kwenye kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui kwenye mita 5,000. Bayi naye Montreal alikuwa ameikosa, tena akiwa kwenye ubora wake.

#9 Msoma Kumbukumbu
Wazee wangu, nawashukuru, lakini turudi njiani kabla uzi haujahamia jukwaa la michezo.

@Ngosha wa Ziwani kilichogeuka ni muda. Watu humvumilia rais kwenye msiba wa mwezi mmoja, wa mwaka mzima hapana. Na angalia wiki ya mwisho. Kura ya maoni ya mwisho ya Gallup ilimweka Reagan mbele kwa pointi tatu. Matokeo yakaja asilimia 50.7 kwa 41, karibu pointi kumi. Katikati hapo kulikuwa na nini? Jumapili ya 2 Novemba, Bunge la Iran lilitangaza masharti ya kuwaachia mateka. Carter akakatisha kampeni Chicago akarudi Washington, watu wakategemea habari njema, haikuja. Hiyo ndiyo siku alipoanguka.

#10 Mtu wa Ruwi
Salaam kutoka Muscat. Hamjagusa Desert One, lile jaribio la jeshi la Marekani kuwaokoa mateka, na bila hiyo uzi huu haujakamilika.

Usiku wa 24 Aprili 1980, ndege za mizigo za C-130 ziliruka kutoka kisiwa cha Masirah, hapa hapa Oman. Marehemu baba aliwahi kufanya kazi jikoni katika kambi ile enzi za Waingereza, kabla hawajaiacha 1977, na alikuwa akitueleza upepo wa kisiwa kile unavyojaza mchanga kwenye masufuria. Helikopta nane zikatoka kwenye manowari ya Nimitz. Wakutane jangwani karibu na Tabas, wajaze mafuta, halafu wasogee mpaka karibu na Tehran.

Helikopta moja ikaachwa njiani baada ya taa kuonyesha hitilafu kwenye pangaboi. Ya pili ikageuza kwenye wingu la vumbi. Zikafika sita, na sita ndiyo idadi ya chini waliyojiwekea. Moja kati ya hizo sita ikakutwa na hitilafu ya haidroliki, zikabaki tano. Kamanda akashauri wasitishe, Carter akakubali. Wakati wa kuondoka, gizani, vumbi limetimka, helikopta moja ikaigonga C-130 iliyobeba mafuta. Wanajeshi wanane walikufa pale. Waziri wa Mambo ya Nje, Cyrus Vance, alikuwa ameipinga operesheni tangu mwanzo, akajiuzulu.

Mwaka 2015 Carter aliulizwa anatamani angefanya nini tofauti. Akasema angetuma helikopta moja zaidi, mateka wangeokolewa naye angechaguliwa tena. Mwenyewe ndiye kasema.

#11 Hesabu Kali
@Mtu wa Ruwi umeieleza vizuri sana, lakini helikopta moja haishushi bei ya nyama.

Kuna jina hamjalitaja. Paul Volcker. Agosti 1979 Carter alimweka kuwa mkuu wa Benki Kuu ya Marekani, akijua msimamo wake. 6 Oktoba mwaka huo Volcker akatangaza kukaza mzunguko wa fedha na kuziacha riba zipande zifike zitakapofika. Uchumi ukaingia kwenye mdororo kuanzia Januari hadi Julai 1980, katikati ya mwaka wa uchaguzi. Carter alimeza dawa kabla ya kura, nafuu ikaja wakati wa mwingine. 1983 mfumuko ulikuwa umeshuka hadi kama asilimia 3, na sifa zote akazichukua Reagan.

#12 Dada Nuru
Hesabu Kali, kwako kila kitu ni bei ya nyama. Haya, jibu hili: chini ya Reagan ukosefu wa kazi ulifika asilimia 10.8 mwishoni mwa 1982. Ni mbaya kuliko wakati wa Carter. Mbona 1984 alishinda majimbo 49?

#13 Hesabu Kali
Kwa sababu 1982 haukuwa mwaka wa uchaguzi wa rais, dada yangu. Wa 1984 uchumi ulikuwa unakimbia. Mpiga kura anaangalia mwelekeo wa mwaka ule anaopiga kura. Carter aliumia kwenye mwaka mbaya, Reagan aliumia katikati ya muhula.

#14 Mchaga wa Atlanta
Naandika kutoka Georgia, jimbo lake. Nyote mmezunguka nyumba hamjaingia ndani. Carter alimalizwa na chama chake.

Alikuja Washington na watu wake wa Georgia, hakuwa na deni kwa vigogo wa chama, nao hawakuwa na deni kwake. Mwaka wake wa kwanza tu, 1977, akajaribu kufuta miradi ya mabwawa ambayo wabunge walikuwa wanajivunia majimboni kwao. Waliokasirika walikuwa Wademokrati! Hawakumsamehe. Julai 1979 akahutubia taifa kuhusu kupotea kwa imani ya Wamarekani kwa serikali yao na kwa wenyewe, hotuba ikapokelewa vizuri, akapanda. Siku mbili baadaye akawataka mawaziri wote waandike barua za kujiuzulu, watano wakaondoka. Nchi ikaona serikali inavunjika, akashuka tena.

Halafu Kennedy. Alipambana naye mpaka mkutano mkuu wa New York, Agosti 1980. Usiku wa mwisho Kennedy alipanda jukwaani, kila mtu anasubiri washikane mikono wainue juu kama desturi. Carter akawa anamfuata Kennedy jukwaani, mwenzake anasogea. Nchi nzima inaangalia. Mgombea anayekataliwa na nduguye mbele ya televisheni, mgeni atamkubali vipi?

#15 Kijana wa Mchangani
Mkuu wa Atlanta, uliwahi kumwona ana kwa ana?

#16 Mchaga wa Atlanta
@Kijana wa Mchangani ndiyo. Alikuwa anafundisha darasa la Biblia Jumapili kwenye kanisa dogo la Wabaptisti, Maranatha, kijijini kwao Plains. Tulifika bado giza, na tayari magari yamepanga foleni kwenye nyasi. Mbwa wa walinzi wakapita wananusa. Ndani mama mmoja wa kanisa akatupa masharti kama mwalimu wa darasa la tatu: msipige makofi, wakati wa picha msimpe mkono, kaa, picha, ondoka. Akaingia mzee mdogo wa umbo, tai yake ya kamba shingoni, akauliza wageni wametoka wapi. Watu wakataja majimbo, mimi nikasema Tanzania. Akatabasamu, akasema Nyerere alikuwa rafiki yake. Mke wangu alilia.

Nalieleza kwa sababu ya jambo jingine. 1976 walokole wa Kusini walimchagua kwa sababu alikuwa mmoja wao, mtu anayesema wazi ameokoka. 1979 mchungaji Jerry Falwell akaanzisha Moral Majority, jumuiya ya kisiasa ya Wakristo wahafidhina, na 1980 kundi kubwa la walokole wale wale wakampa kura Reagan, mwigizaji wa Hollywood aliyewahi kuachana na mke. Hilo bado linanisumbua. Suala la shule binafsi za Kikristo na kodi, utoaji mimba, haki za wanawake, vyote vilichangia. Alipoteza Kusini karibu yote, akabaki na Georgia.

#17 Dada Nuru
Na John Anderson mbona hamumtaji? Mgombea binafsi, alipata asilimia 6.6. Hizo zilikuwa kura za Carter.

#18 Hesabu Kali
41 jumlisha 6.6 ni 47.6. Reagan ana 50.7. Hata angepewa zote haifiki.

#19 Dada Nuru
Marekani hawashindi kwa jumla ya nchi, wanashinda jimbo kwa jimbo, na wewe unalijua hilo. Massachusetts, ngome ya Wademokrati, Reagan aliichukua kwa kura chache mno huku Anderson akiwa na asilimia 15 pale. Sisemi Carter angeshinda uchaguzi. Nasema yale majimbo sita na Washington D.C. aliyobaki nayo yanamwonyesha dhaifu kuliko alivyokuwa.

#20 Mchunguzi Huru
Mnazunguka mbuyu. Mateka waliachiwa 20 Januari 1981, dakika chache baada ya Reagan kula kiapo. Mtu mzima unaweza kuamini hiyo ni bahati? Watu wa Reagan walizungumza na Wairani wawazuie mateka hadi uchaguzi upite. Reagan ndiye aliyewatoa.

#21 Bint Kisauni
@Mchunguzi Huru tutenganishe mambo mawili.

La kwanza, Reagan hakuwatoa. Makubaliano ya Algiers yalisainiwa 19 Januari 1981, serikali ya Carter ikiwa bado madarakani, baada ya Warren Christopher, naibu waziri wake wa mambo ya nje, kuzungumza na Wairani kwa miezi kupitia Waalgeria. Marekani iliachia mali za Iran zilizokuwa zimezuiwa, karibu dola bilioni 8 katika awamu ile. Carter alikesha ofisini usiku wake wa mwisho akifuatilia zile fedha zinavyohamishwa. Kesho yake baada ya kiapo akapanda ndege kwenda Wiesbaden, Ujerumani, kuwapokea, kama mjumbe wa Reagan.

La pili, hizo njama. Kamati ya Baraza la Wawakilishi ilizichunguza na ripoti yake ya Januari 1993 ikasema haikupata ushahidi wa kuaminika. Lakini Machi 2023, Carter akiwa kwenye uangalizi wa siku zake za mwisho, mwanasiasa wa Texas Ben Barnes aliliambia gazeti la New York Times kwamba majira ya joto ya 1980 alifuatana na John Connally, gavana wa zamani wa Texas, kwenye nchi kadhaa za Mashariki ya Kati, na kwamba Connally alikuwa akiwaambia viongozi wa huko wafikishe ujumbe Tehran: subirini, Reagan atawapa masharti bora. Kwa hiyo mlango haujafungwa, ila usiseme imethibitishwa.

#22 Mtu wa Ruwi
Mimi sioni haja ya njama. Wairani walikuwa na sababu zao. Walimchukia Carter kwa kumpokea Shah New York 22 Oktoba 1979, wakataka aondoke Ikulu bila heshima ya kuwakomboa mateka. Na kuanzia 22 Septemba 1980 Saddam wa Iraq alikuwa amewavamia, wanahitaji fedha zao na vipuri. Wakangoja aondoke, wakachukua chao.

#23 Mwana Lubumbashi
Bonjour ba ndugu. Naona mnamlilia Carter sana. Kwetu Katanga, wakati ule Shaba, tunamkumbuka vingine. Alikuwa anahubiri haki za binadamu kila siku. 1978 waasi walipoingia Kolwezi, ndege zake ndizo zilizosaidia kusafirisha vifaa vya Wafaransa na Wabelgiji, na Mobutu akabaki kitini. Watu wa huku walikuwa wanajua haki za binadamu chini ya Mobutu ni nini.

Na Iran ni hivyo hivyo. Mkesha wa mwaka mpya 1977 alikuwa Tehran kwenye karamu ya Shah, akaiita Iran kisiwa cha utulivu. Mwaka mmoja na wiki chache mbele Shah amekimbia. Kissinger, waziri wa zamani wa mambo ya nje, na bwana benki David Rockefeller wakamshinikiza ampokee kwa matibabu, akakubali akijua hatari iliyopo ubalozini. Tukio halikumwangukia toka mbinguni. Alilikaribisha.

#24 Babu Chamazi
@Mwana Lubumbashi unasema kweli na sikupingi. Lakini niongeze upande wa pili, maana nilikuwepo. 1979 Ian Smith, kiongozi wa walowezi wa Rhodesia, alipomweka Askofu Muzorewa mbele, London na wengi Washington walitaka vikwazo vya Rhodesia viondolewe. Seneti ya Marekani ilimbana Carter. Akakataa. Mwalimu alikuwa amemtembelea Washington Agosti 1977, na balozi wa Carter Umoja wa Mataifa, Andrew Young, alikuwa mtu anayesikiliza nchi za mstari wa mbele. Vikwazo vikabaki mpaka mazungumzo ya Lancaster House, na 18 Aprili 1980 Zimbabwe ikawa huru. Wiki moja baadaye ndiyo Desert One! Angalia dunia ilivyoshika moja ikaacha nyingine.

#25 Bint Kisauni
Na Mombasa je? Januari 1980 Carter alitangaza kwamba Ghuba ni ya maslahi ya Marekani na atailinda hata kwa jeshi. Mwaka huo huo wakasaini na Kenya, Oman na Somalia kupata bandari na viwanja vya ndege. Nilikua naziona zile manowari zimetia nanga, mabaharia wamejaa mjini, bei za kila kitu zinapanda siku wanaposhuka. Watoto wa rika langu wapo waliozaliwa na baba ambaye mama zao hawakumwona tena. Hayo hayamo kwenye orodha ya matukio ya Carter, lakini yalianza kwa saini ya mwaka ule.

#26 Ngosha wa Ziwani
@Bint Kisauni pole dada, hilo lingefaa uzi wake.

Nirudi kwenye swali. Wote mmemweka Carter katikati. Mimi namtoa. Siku ile ile Republican walinyakua viti 12 vya Seneti na kupata wingi. McGovern, Frank Church, Birch Bayh, maseneta wakongwe, wote chini. Hawakuwa na mateka hao. Juni 1978 wapiga kura wa California walikuwa wameshapitisha pendekezo namba 13 la kubana kodi za majengo, miezi mingi kabla ya Tehran. Nchi ilikuwa inahama kuelekea kulia. Hata gavana kijana wa Arkansas aliangushwa 1980, Bill Clinton.

#27 Mchaga wa Atlanta
Clinton aliangushwa zaidi na ada za magari na Wakuba, mkuu. Aprili hadi Oktoba 1980 Castro aliacha watu kama 125,000 watoke bandari ya Mariel kuja Florida. Carter akapeleka maelfu yao kambi ya Fort Chaffee, Arkansas, wakafanya vurugu. Clinton alimlaumu Carter kwa miaka. Kwa hiyo hata huo mfano wako unarudi kwa Carter.

#28 Ngosha wa Ziwani
Na maseneta? Church wa Idaho alikuwa na Wakuba?

#29 Mchaga wa Atlanta
Church alipigwa kwa kuunga mkono mikataba ya Panama. Kila kampeni dhidi yake iliutaja mfereji. Na Panama ni ya nani?

#30 Kijana wa Mchangani
Mmenivuruga vizuri, asanteni. Sasa kama ni hivyo, Rais Ford aliyemtangulia Carter je? Alimsamehe Nixon 8 Septemba 1974, halafu 1976 akashindwa na huyu huyu Carter 297 kwa 240. Ni msamaha au ni bei za vitu?

#31 Hesabu Kali
Ni bei.

#32 Msoma Kumbukumbu
Ni msamaha, na nina hoja zangu. Fungua uzi wa Ford, nitakuja. Hapa bado namsubiri @Ngosha wa Ziwani anieleze zile pointi saba za wiki ya mwisho, maana nchi kuhama kwenda kulia hakufanyiki kati ya Jumapili na Jumanne.